Mzigo usioagizwa, ankara isiyo na deni: mfanyabiashara wa Bujumbura analindwa na nini?

UCHAMBUZI

BUJUMBURA - Lori limeingia kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero. Mwenye duka la vipuri vya magari mtaani Buyenzi aliagiza betri 400 kutoka China. Vijana wa stoo wanapohesabu, wanakuta 480. Ndani ya bahasha ya dereva imo ankara, au fagitire kama inavyoitwa hapa mjini, ya betri 480. Chini yake upo mstari wa maandishi madogo unaosema kuwa mnunuzi asiyepinga ndani ya siku saba atahesabiwa kuwa amekubali. Kwa bei ya dola 45 kila moja, betri 80 za ziada ni dola 3,600.

Mfano huu ni wa kubuni, ila wenye maduka ya jumla wa Quartier Asiatique na wa soko la Siyoni hawatahitaji kuelezwa maana yake. Deni la dola katika mji ambao dola ni ya kutafutwa halikai mahali pamoja. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliposhusha thamani rasmi ya faranga, waliokuwa wakidaiwa kwa fedha za kigeni waliamka asubuhi deni limekuwa kubwa zaidi kwa faranga bila wao kununua hata msumari. Ndiyo maana swali la kwamba mtu anaweza kudaiwa mali asiyoiagiza si la wanasheria peke yao.

Jibu fupi ni kwamba hadaiwi. Hata hivyo anaweza kujitia mwenyewe katika deni kabla jua halijatua, bila kutia saini mkataba wowote mpya. Kinga ipo na ni ya zamani, ila haikai mahali ambapo wengi wanaitafuta, na inavunjika kwa urahisi.

Sheria za mlaji zinaishia mlangoni mwa duka

Wengi wakisikia habari ya mali isiyoagizwa hukumbuka sheria za kumlinda mlaji. Ni kweli, nchi nyingi zimeandika waziwazi. Uingereza ilitunga sheria maalumu mwaka 1971 baada ya kuzuka mtindo wa kampuni kuwatumia watu vitabu na vitu vya nyumbani kisha kuwaandama kwa barua za madai. Aliyetumiwa aliweza, baada ya muda uliowekwa, kuichukua mali kama zawadi. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, unasema mlaji aliyeletewa bidhaa bila kuomba hawajibiki kulipa chochote, na kutojibu kwake si ridhaa. Kenya nayo, katika Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, inasema aliyepokea bidhaa au huduma asizoziomba hana wajibu wa kisheria kuhusu matumizi yake, na inamkataza mleta bidhaa kudai malipo.

Ni sheria nzuri, lakini ya Kenya haisafiri na lori hadi Bujumbura, na za Ulaya ziliandikwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani. Hata ile ya Uingereza ya 1971, habari ya zawadi haikumhusu aliyetumiwa mali kwa ajili ya biashara yake. Mwenye duka anayepokea betri 480 si mlaji. Ni mfanyabiashara, na sheria humchukulia kuwa mtu anayejua kusoma ankara.

Farasi wa mwaka 1862

Kinga yake inatoka katika sheria ya mikataba, na ina umri mkubwa. Mwaka 1862 mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi ambayo hadi leo inafundishwa katika vyuo vya sheria vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mjomba alitaka kununua farasi wa mpwa wake. Akamwandikia kwamba asiposikia neno tena, atamhesabu farasi kuwa wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu. Mnadi akamuuza farasi kwa makosa, mjomba akashitaki, akashindwa. Mahakama ilisema mtu hawezi kumtwika mwenzake mkataba kwa kumwambia kuwa kimya chake ni jibu. Ule mstari mdogo wa siku saba chini ya ankara ni barua ya mjomba yule yule.

Burundi haikurithi sheria za Uingereza, lakini ilifika hapo hapo kwa njia nyingine. Sheria yake ya mikataba ina mizizi katika amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Congo na baadaye kufika Ruanda-Urundi chini ya utawala wa Ubelgiji. Ibara ya 8 ya amri hiyo inataja masharti manne ya mkataba kuwa halali, na la kwanza ni ridhaa ya anayejifunga. Ibara ya 9 inasema ridhaa iliyotolewa kwa makosa, iliyolazimishwa kwa nguvu au iliyopatikana kwa hila si ridhaa. Ibara ya 33, ambayo mawakili wa Bujumbura wanaijua kwa moyo, inafanya mkataba uliofungwa kihalali kuwa sheria kwa waliofunga. Anayedai kuwa mkataba upo hana budi kuonyesha ridhaa ilitolewa lini.

Juu ya hayo upo mkataba wa kimataifa ambao, kwa maoni ya uchambuzi huu, ndio silaha kubwa kuliko zote na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote. Ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mauzo ya Kimataifa ya Bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980. Burundi ilijiunga Septemba 1998 na mkataba ukaanza kutumika kwake tarehe 1 Oktoba 1999. Ibara yake ya 18 inasema kimya au kutotenda, kwa chenyewe, si kukubali. Na kinyume cha sheria za mlaji, Mkataba wa Vienna haugusi bidhaa zinazonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Unaanzia pale pale sheria ya mlaji inapoishia.

Unatumika wenyewe, bila kutajwa katika mkataba wa wahusika, pale muuzaji na mnunuzi wanapokuwa na biashara zao katika nchi wanachama tofauti, isipokuwa wamekubaliana kuuondoa. China ni mwanachama, Ubelgiji pia. Uganda ilitangulia hata Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo imo tangu Julai 2015 na Rwanda tangu Oktoba 2024. Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo anayenunua Kampala au Guangzhou anasimama juu ya Vienna. Anayenunua Kariakoo anategemea sheria ambayo mkataba wake unaichagua, na kama ni sheria ya Burundi, Vienna inarudi kwa mlango huo. Kama ni ya Tanzania, atakutana na kanuni za mauzo zenye asili ya Kiingereza, ambazo zina tofauti zake kama itakavyoonekana.

Betri 80

Mali iliyozidi agizo ndiyo sura ya kawaida ya mali isiyoagizwa kati ya wafanyabiashara. Ni nadra mtu kutuma kontena kwa asiyemjua. Ni rahisi zaidi kuongeza katoni katika mzigo wa anayejulikana na kungoja aone aibu kuzirudisha.

Ibara ya 52 ya Vienna inajibu moja kwa moja. Muuzaji akileta zaidi ya kilichokubaliwa, mnunuzi anaweza kupokea au kukataa ile ziada. Akipokea yote au sehemu yake, anailipia kwa bei ya mkataba. Sheria za mauzo za Kenya na Tanzania, zilizochukuliwa kutoka ile ya Kiingereza ya 1893, zinampa mnunuzi nafasi pana zaidi, yaani achukue kiasi alichoagiza na kukataa kilichozidi, au akatae mzigo wote. Ila nazo zinasema akipokea yote, analipa yote kwa bei ya mkataba.

Neno la kuogopa hapa ni kupokea. Betri hazipokelewi kwa kushushwa tu kutoka kwenye lori. Zinapokelewa kwa vitendo vya mwenye mali, kama kuzichanganya na zile 400 katika rafu, kuziuza hata kumi tu, kuziweka rehani, au kumtumia muuzaji malipo ya awali yanayozidi bei ya 400. Mtu akishauza betri ya 401, hana tena mdomo wa kusema hakuiagiza. Mazoea nayo yana uzito. Ibara ya 9 ya Vienna inawafunga wahusika kwa desturi walizojiwekea wenyewe, na aliyepokea ziada mara tatu mwaka jana akalipa bila neno, kimya chake cha mara ya nne kitasomwa kwa mwanga wa zile tatu za kwanza.

Upo mtego mwingine ambao hautajwi sana, nao unatangulia mlango wa stoo. Ni tamko la forodha. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, kazi ya kutangaza mzigo na kulipa ushuru imesogezwa nyuma kuelekea bandarini, na karatasi nyingi zinamalizwa kabla lori halijaiona Kobero. Wakala wa forodha anafanya kazi na ankara aliyopewa. Kama ankara inasema 480, atatangaza 480, kwa namba ya mlipakodi ya mwenye duka, NIF yake. Siku muuzaji akienda mahakamani hatahitaji shahidi mwingine, kwa sababu mnunuzi, kupitia wakala wake, ameiambia serikali kuwa ameingiza betri 480 kwa bei hii. Na kama tamko ni la 400 huku lori lina 480, kesi inakuwa nyingine kabisa, ya mali isiyotangazwa, na humo anayeulizwa maswali ya kwanza si muuzaji aliyeko ng'ambo.

Kwa hiyo kazi ya kujilinda inaanza kabla mzigo haujaondoka. Wakala awe na nakala ya agizo, na awe na maelekezo ya maandishi kwamba ankara isiyolingana na agizo haitangazwi mpaka mwenye mzigo aseme neno. Ni karatasi moja tu. Mawakala wengi huenda na ankara kwa sababu hawajapewa kitu kingine cha kulinganisha nayo.

Mzigo ukishafika, hati ya makabidhiano isitiwe muhuri kama ilivyo. Iandikwe kwa mkono, mbele ya dereva, kwamba betri 400 zimepokelewa kwa mujibu wa agizo na 80 hazikuagizwa, hazikubaliwi, zimewekwa kwa niaba ya muuzaji. Picha zipigwe. Siku hiyo hiyo, au kesho yake, ujumbe uende kwa muuzaji kwa njia inayoacha kumbukumbu. Vienna inamtaka mnunuzi akague mali ndani ya muda mfupi kadiri hali inavyoruhusu, na atoe taarifa ya kasoro ndani ya muda wa kuridhisha. Mahakama za nchi mbalimbali zimetofautiana sana kuhusu urefu wa muda huo, na ni afadhali kuwa mwepesi kuliko kubishana baadaye.

Je, zile 80 zifanywe nini? Haziwezi kutupwa nje. Ibara ya 86 inamtaka aliyepokea mali anayokusudia kuikataa aitunze kwa uangalifu wa kawaida, na inampa haki ya kuizuia mpaka arudishiwe gharama zake. Ibara ya 87 inamruhusu kuiweka katika ghala la mtu mwingine kwa gharama ya muuzaji. Ibara ya 88 inakwenda mbali zaidi: muuzaji akichelewa kupita kiasi kuichukua, mali inaweza kuuzwa baada ya kumpa taarifa, na muuza atakata gharama zake na kumhesabia mwenyewe kilichobaki. Kwa mali inayooza, kama vitunguu au matunda, anatakiwa hata kufanya jitihada ya kuiuza mapema. Tofauti kati ya kuuza hivyo na kuuza kwa kujimilikisha ni ile taarifa. Betri ni zile zile na mteja yule yule, lakini mmoja atakuwa ametunza mali ya mwenzake na mwingine atakuwa ameinunua.

Kunyamazia ankara ni jambo jingine

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakishasikia kwamba kimya si ridhaa, wanaona hakuna haja ya kujibu barua za madai. Huo ni ushauri mbaya, hasa kwa anayefanya biashara na Antwerp au Brussels.

Katika desturi ya sheria ya Ubelgiji, ankara kati ya wafanyabiashara si karatasi ya kawaida. Kanuni ya Madai ya Ubelgiji, katika kitabu cha 8 kilichoanza kutumika Novemba 2020, inasema katika kifungu cha 8.11 kwamba ankara iliyokubaliwa na mfanyabiashara, au ambayo hakuipinga ndani ya muda wa kuridhisha, ni ushahidi dhidi yake. Kabla ya hapo majaji wa huko walikuwa wakihukumu hivyo kwa miaka mingi. Na mkondo wa sheria za biashara za Bujumbura ulianzia huko huko.

Mambo mawili haya hayapingani kama yanavyoonekana. Mali isiyoagizwa ni pendekezo, na pendekezo halijibiwi kwa kimya. Ankara kwa upande wake haipendekezi kitu. Inadai kuwa mkataba ulishafungwa zamani. Asiyepinga anaulizwa, kama hukuwa umenunua, mbona hukusema? Mstari mmoja unatosha: ankara namba fulani ya tarehe fulani inapingwa kwa sababu hakuna agizo linaloihusu. Upelekwe mapema na nakala ihifadhiwe. Ankara hiyo isiingizwe katika vitabu vya hesabu kama deni, na hili ni la kumkumbusha mhasibu, maana mhasibu mwaminifu huandika kila karatasi inayopita mezani kwake, na vitabu vya mfanyabiashara vinaweza kutumika dhidi yake.

Zipo ankara ambazo ni hila tupu. Kundi linalojulikana zaidi ni la vitabu vya anwani za biashara. Fomu inafika ikiomba kampuni ihakikishe anuani na simu yake, ikionekana kama huduma ya bure, kumbe maandishi madogo yanasema kuwa kuitia saini ni kununua tangazo. Desemba 2008 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu kampuni za namna hiyo, baada ya malalamiko ya maelfu ya wafanyabiashara wadogo waliojikuta wakidaiwa karibu euro 1,000 kwa mwaka kwa miaka isiyopungua mitatu. Uingereza ililiona tatizo hili mapema, na sheria yake ya 1971 ilipiga marufuku kudai malipo ya kuorodheshwa katika kitabu cha anwani bila idhini ya maandishi. Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, nalo huwaonya waliosajili alama za biashara dhidi ya ankara zinazofanana na za ofisi rasmi.

Aliyetia saini fomu ya namna hiyo hajanyamaza, amesema ndiyo. Utetezi wake ni ile hila ya ibara ya 9 ya amri ya 1888, na kuithibitisha si kazi nyepesi. Ambaye hakutia saini hana deni. Na aliyelipa kwa makosa kitu asichodaiwa ana haki ya kurudishiwa, kwani sheria hiyo hiyo inamtaka aliyepokea kisicho chake akirudishe. Haki hiyo ni nzuri ukiwa na mdaiwa Ngagara, lakini ukiwa na sanduku la posta katika nchi usiyoijua, afadhali kutolipa tangu mwanzo.

Kontena lenye jina lako

Katoni za ziada ni taabu ndogo ukilinganisha na kontena zima lililofika Dar es Salaam likiwa na jina la mfanyabiashara wa Bujumbura kama mpokeaji, bila yeye kujua. Linaweza kutumwa na muuzaji aliyedhani mazungumzo ya simu ni agizo, au na ndugu aliyeona fursa. Siku zinahesabiwa na tozo za kuchelewesha kontena zinapanda pamoja na za uhifadhi. Kampuni ya meli inamtafuta aliyeandikwa kwenye hati ya shehena, ile BL.

Je, kuandikwa jina kunatosha kumfanya mtu mdaiwa? Kampuni za meli zitasema ndiyo, kwa kuwa masharti yaliyochapwa nyuma ya hati humhesabu mpokeaji kuwa miongoni mwa wahusika. Lakini hati za kampuni kadhaa kubwa, Maersk na MSC zikiwamo, zinafuata sheria ya Uingereza, na sheria hiyo, ile ya usafirishaji wa bidhaa baharini ya mwaka 1992, inasema majukumu ya mkataba yanamwangukia mpokeaji pale anapochukua mzigo, anapoutaka, au anapofungua dai chini ya mkataba huo. Jina peke yake halitoshi.

Kwa hiyo barua ya kwanza ndiyo inayoamua. Mfanyabiashara mwenye huruma anaandika, "Hatukuagiza mzigo huu, lakini tupeni siku kumi na mtupunguzie tozo tuutoe." Kwa sentensi hiyo ameshautaka. Inayofaa ni fupi zaidi: mzigo haukuagizwa, hautachukuliwa, wasilianeni na aliyeutuma. Nakala iende kwa wakala wa forodha, na nyingine kwa Mamlaka ya Mapato, OBR, kueleza kuwa hakuna aliyeruhusiwa kutumia NIF hiyo kwa mzigo huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa jina la mwenye mali hata yule anayejionyesha tu kuwa ndiye mwenyewe, kwa hiyo kila karatasi inayotiwa saini kwa kubahatisha ina gharama. Kama mtu ametumia NIF ya mwenzake bila ruhusa na kumletea hasara, ibara ya 258 ya ile amri ya 1888 inamtaka aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe.

Mzigo usiotakiwa na mtu hatimaye huenda mnadani. Chini ya sheria hiyo ya forodha, mali iliyowekwa katika ghala la forodha isipoondolewa ndani ya siku 30, tangazo hutolewa, na zikipita siku 30 nyingine huhesabiwa imetelekezwa na kuuzwa. Wapo wanaongoja mnada huo ili wainunue wenyewe kwa bei ya chini. Anayefikiria hivyo asiwe amemwandikia muuzaji barua yenye utata.

Kwa wasafirishaji

Mwenye lori anakamatwa katikati. Amelipiwa nusu Dar es Salaam na ameahidiwa nyingine na mpokeaji Bujumbura, na mpokeaji anasema hamjui. Mkataba wake wa kwanza ni na aliyempa mzigo, na ndiye wa kudaiwa. Mpokeaji ambaye hakuahidi kitu na hajaugusa mzigo hana nauli ya kulipa, hata dereva akilala wiki nzima langoni kwake. Kwa nauli inayolipwa mwisho wa safari, msafirishaji apate kibali cha maandishi cha mpokeaji kabla ya kufunga turubai. Ujumbe wa simu unaotaja idadi na nauli ni bora kuliko kukosa kabisa.

Idadi nayo imhusu. Anayebeba 480 kwa karatasi za 400 anahatarisha gari lake, kwa kuwa sheria ya forodha inaruhusu kutaifisha hata chombo kilichobeba mali ya kutaifishwa.

Dai likitoka serikalini

Malipo yasiyo na msingi hayatoki kwa wauzaji peke yao. Ushuru unaweza kukadiriwa juu ya mali ambayo mtu hakuingiza, au juu ya zile betri 80 alizozikataa. Hapa kimya cha mfanyabiashara hakimsaidii hata kidogo. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha kinampa siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba upitiwe upya. Akizipitisha bila sababu inayokubalika, uamuzi unabaki.

Lakini kifungu hicho hicho kina jambo ambalo wengi hawalijui. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu tangu apokee maombi na maelezo aliyoyahitaji. Asipojibu, anahesabiwa kuwa ameyakubali. Kwa maneno mengine, kimya ambacho hakimfungi mnunuzi wa betri kinaifunga forodha. Faida hiyo ni ya mwenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe inayosomeka. Na aliyelipa ushuru kwa makosa anaweza kudai urudishwe chini ya kifungu cha 144, mradi dai lifike ndani ya miezi 12 tangu alipolipa.

Kuhusu makusanyo ya njiani yasiyo na stakabadhi, Jumuiya ina Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya mwaka 2017, na upo mfumo wa pamoja wa COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC wa kuripoti vikwazo kwa njia ya mtandao, tradebarriers.org. Malalamiko yenye tarehe, mahali na namba ya gari hufuatiliwa kwa urahisi zaidi kuliko ya jumla.

Dola 3,600 na mahakama

Likishindikana, ipo Mahakama ya Biashara ya Bujumbura, na kipo Kituo cha Burundi cha Usuluhishi na Upatanishi, CEBAC. Uamuzi wa msuluhishi una faida moja kwa anayegombana na mtu wa nje: Burundi ilijiunga mwaka 2014 na Mkataba wa New York unaozitaka nchi wanachama kutambua maamuzi ya namna hiyo, na China, Uganda, Tanzania na Kenya zimo. Ila kwa dola 3,600 hesabu ya wakili inapaswa kupigwa kwanza.

Mara nyingi muuzaji mwenyewe ndiye atakayepiga simu. Hatazitaka betri zirudi, kwa sababu kuzirudisha ni gharama yake. Ataomba zibaki ziuzwe polepole, "tutahesabiana baadaye." Linaweza kuwa pendekezo zuri, pengine zuri kuliko agizo la kwanza, kwa kuwa sasa mwenye haraka ni yeye. Mnunuzi aulizie bei upya, aseme kama atalipa kwa faranga au kwa dola na kwa kiwango cha siku ipi, na nani atabeba hasara zikiharibika kabla ya kuuzwa. Hayo yaandikwe kama biashara mpya, yenye tarehe yake, na betri 80 zikae upande wake wa stoo mpaka karatasi hiyo itiwe saini na pande zote mbili.